ELIZABETH HAZEN: MWALIMU ALIYETAFUTA DAWA UDONGONI

Mwaka huu sikuleteeni kisa cha mfalme wala cha jemadari. Hao tumewasoma mpaka tumechoka katika vitabu vya Historia. Nakuleteeni kisa cha mwalimu wa shule ya upili aliyeweka chaki chini akashika darubini, na ambaye kazi yake imeingia katika nyumba nyingi humu nchini bila wenye nyumba kujua.

Hebu niwaulize. Nani kati yetu hajawahi kumwona mtoto mchanga mwenye utando mweupe kinywani, kama maziwa yaliyoganda juu ya ulimi? Mimi nilimwona kitindamimba wetu. Kila alipopewa titi alilia. Mama alijaribu kumpangusa kwa kitambaa safi, lakini wapi! Utando uling'ang'ania, na pale ulipobanduka uliacha wekundu. Alipopelekwa zahanati alipewa kichupa cha dawa ya rangi ya manjano, ya kudondoshewa kinywani mara nne kwa siku. Baada ya siku chache mtoto alikuwa akinyonya kama vile hakuna lililotokea.

Dawa ile inaitwa nistatini. Nilipomuuliza mwalimu wetu wa Bayolojia ilitoka wapi, alinijibu kuwa ilitoka kwenye udongo wa shamba la mtu. Nilidhani ananitania. Kumbe ni kweli tupu, na aliyeuchota udongo huo ni Elizabeth Lee Hazen.

Yatima wa Mississippi

Elizabeth alizaliwa tarehe 24 Agosti 1885 mahali panapoitwa Rich, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa pamba. Malezi yao hakuyafaidi, kwani wote wawili walifariki yeye akiwa bado mdogo sana. Yeye na dada yake walichukuliwa na ami yao aliyeishi Lula, mji mdogo katika jimbo lilo hilo, wakalelewa huko.

Siku zile vyuo vingi vya Marekani havikuwafungulia wasichana milango. Bahati nzuri ni kwamba Mississippi ilikuwa na chuo cha serikali cha wanawake mjini Columbus, kilichoanzishwa mwaka 1884, ingawa kilikuwa cha Wazungu peke yao. Elizabeth alisoma huko akapata shahada ya sayansi mwaka 1910. Kisha akaajiriwa kufundisha sayansi katika shule ya upili mjini Jackson.

Mwalimu huyu hakutosheka na alichokijua. Likizo zilipofika, wenzake wakipumzika, yeye alijiandikisha kwa masomo ya ziada chuoni. Hatimaye akafunga safari hadi mji wa New York, akaingia Chuo Kikuu cha Columbia na kupata shahada ya pili mwaka 1917. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuwa vikiendelea alifanya kazi katika maabara za jeshi, na baada ya hapo katika maabara ya hospitali huko West Virginia. Hata hivyo, alirudi tena Columbia. Mwaka 1927 alitunukiwa shahada ya udaktari katika elimu ya viini. Alikuwa na umri wa miaka 42! Wale mnaosema kuwa kurudia darasa ni aibu, mpo?

Mwaka 1931 alijiunga na maabara za Idara ya Afya ya Jimbo la New York. Kazi yake ilikuwa ya upelelezi, ila wezi aliowasaka hawaonekani kwa macho. Kulipozuka ugonjwa wa kimeta, alifuata nyayo za ugonjwa huo mpaka akafika kwenye kiwanda cha kutengeneza brashi.

Adui anayefanana nasi

Sasa hapa tutulie kidogo, maana bila kuelewa jambo hili hatuwezi kuelewa ukubwa wa kazi ya bibi huyu.

Katika miaka ya 1940 dunia nzima ilikuwa ikishangilia penisilini. Watu waliokuwa wakifa kwa nimonia na vidonda vilivyooza sasa walikuwa wakipona. Lakini wahenga walisema, hakuna masika yasiyo na mbu. Vinywani na matumboni mwetu mna bakteria wengi wasiotudhuru, nao huwazuia wageni wabaya wasitambe. Dawa hizi mpya ziliua bakteria wabaya na wazuri kwa pamoja. Uwanja ukabaki mtupu, na aliyeukalia ni kuvu, hasa aina iitwayo Candida albicans. Basi ikawa mgonjwa anapona kifua, mara kinywa kinajaa utando mweupe. Ikishuka tumboni au ikaingia kwenye damu, mtu angeweza kupoteza maisha.

Je, kwa nini penisilini isiue kuvu? Jibu ni kwamba bakteria ni tofauti sana nasi. Seli yake ina ukuta ambao sisi hatuna, na penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta huo. Kuvu, kwa upande mwingine, ni kama binamu yetu. Ukungu wa mkate, hamira ya mandazi na uyoga wa msituni, vyote vina seli zenye kiini kama seli zetu, na shughuli nyingi za ndani zinakwenda kama zetu. Ndiyo sababu sumu inayoua kuvu huelekea kumuua mgonjwa pia. Ni kama mtu kutaka kumpiga nyoka aliyejizungusha mguuni mwake mwenyewe.

Mwaka 1944 Elizabeth alipewa jukumu la kushughulikia magonjwa ya kuvu. Alikuwa na umri wa karibu miaka 60, wakati ambapo wengi huanza kuwaza pensheni. Yeye alirudi kuwa mwanafunzi kwa mara nyingine, akajifunza kuvu kwa wataalamu wa Columbia, akakusanya aina nyingi kwenye vichupa vyake.

Dawa iliyosafiri kwa posta

Wanasayansi walikuwa wamekwisha kugundua kuwa udongoni kuna vita visivyokwisha. Viini vidogo hugombania chakula, na baadhi yao hutoa kemikali za kuwaua majirani. Elizabeth aliwaza kuwa huenda kuna kiini kinachojua kuua kuvu. Ila yeye hakuwa mkemia, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 1948 mkuu wa maabara alimkutanisha na Dakta Rachel Fuller Brown, mkemia wa idara iyo hiyo. Rachel alizaliwa mwaka 1898 huko Springfield, Massachusetts. Naye pia alikua bila baba nyumbani, kwani baba yake aliiacha familia. Aliweza kwenda chuoni kwa sababu rafiki tajiri wa nyanya yake alijitolea kumlipia karo. Tatizo ni kwamba Elizabeth alikuwa New York mjini na Rachel alikuwa Albany, umbali wa kilomita kama 240. Huo ni mwendo wa karibu kama kutoka Nairobi hadi Kericho.

Walifanyaje basi? Walitumia posta! Elizabeth aliotesha viini vya udongo kutoka sehemu mbalimbali, akavijaribu dhidi ya kuvu mbili: Candida albicans, na Cryptococcus neoformans inayoshambulia ubongo. Kiini kilichoonyesha dalili ya kuziua alikitia kwenye chupa ya kioo, akaifunga na kuituma Albany. Rachel naye alitumia vimumunyisho vya kila aina kuitenga ile kemikali yenye nguvu, kisha akairudisha New York kwa posta. Elizabeth aliijaribu tena kwa kuvu, halafu kwa panya weupe.

Na hapo kwa panya ndipo matumaini yalipozimika mara nyingi. Dawa iliua kuvu vizuri sana, na panya nao wakafa. Wanatupa, wanaanza upya. Chupa inakwenda, chupa inarudi. Wewe na mimi, tukikosa jibu la hesabu mara mbili tu, tunafunga daftari.

Siku moja Elizabeth alikuwa amewatembelea marafiki zake wa ukoo wa Nourse huko Virginia. Akiwa shambani kwao alichota udongo kidogo akarudi nao. Ndani ya udongo huo mlikuwa na kiini kilichotoa kemikali mbili. Ya kwanza ilikuwa kali mno kwa panya, na tena ilikuwa imekwisha kugunduliwa na wengine. Ya pili iliua kuvu zote mbili, na panya wakabaki wanatembea! Kiini kile walikipa jina la Streptomyces noursei, kwa heshima ya wenye shamba.

Mwaka 1950 walitangaza ugunduzi wao mbele ya wanasayansi wenzao mjini Schenectady. Jina walilochagua kwanza lilikuwa limekwisha kutumiwa na mtu mwingine, kwa hivyo wakaiita nistatini, kutokana na herufi za jina la jimbo lao, New York State. Kampuni ya Squibb ilichukua kazi ya kuitengeneza kwa wingi, na mwaka 1954 vidonge vyake vikaanza kuuzwa.

Siri iko kwenye utando

Elizabeth na Rachel walijua kuwa dawa yao inaua kuvu na kumwacha panya. Kwa nini iwe hivyo, hilo lilikuja kueleweka baadaye kidogo, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Utando ukiwa laini mno seli hupasuka, na ukiwa mgumu mno hakuna kinachopita. Kwa hiyo ndani yake mna molekuli ziitwazo steroli, ambazo huushikilia kama fito zinavyoushikilia udongo wa ukuta wa nyumba. Sisi wanadamu fito zetu ni kolesteroli, ile ile tunayoisikia ikilaumiwa kila siku. Kuvu nazo fito zao ni ergosteroli. Ukizichora mbili hizo ubaoni, kwa haraka utasema ni kitu kimoja. Ergosteroli imezidi kwa vifungo viwili maradufu kati ya atomi zake za kaboni, na tawi moja dogo la kaboni pembeni. Basi! Hiyo ndiyo tofauti, na ndani ya tofauti hiyo ndimo mlimo uhai wa mgonjwa.

Nistatini ni molekuli kubwa yenye umbo la pete ndefu. Upande wake mmoja unapenda mafuta na upande wa pili unapenda maji. Inapofika kwenye utando wa kuvu huishika ergosteroli kwa nguvu. Molekuli kadhaa hujipanga duara kama mbao za pipa, na katikati hubaki tundu. Potasiamu ambayo seli huihifadhi ndani huvuja nje, na seli hufa. Ikikutana na kolesteroli yetu, nistatini huishika pia, lakini kwa ulegevu.

Ushahidi wake ni mtamu kusimulia. Bakteria wa kawaida hana steroli, ndiyo maana nistatini haimfanyi chochote. Katika miaka ya 1960 watafiti walichukua kiini kimoja kisicho na ukuta, ambacho huweza kuishi na steroli au bila steroli. Kilipokuzwa bila steroli, dawa za ukoo wa nistatini hazikukidhuru. Kilipolishwa steroli, kikauawa. Hapo ubishi ukaisha: steroli ndiyo shabaha.

Na elimu haikusimama hapo. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa amfoterisini B, ndugu ya nistatini inayodungwa mishipani kwa wagonjwa mahututi, huua zaidi kwa kuifyonza ergosteroli kutoka kwenye utando, kama sponji inavyofyonza maji. Ama tundu litobolewe, ama fito zing'olewe, nyumba ni ile ile inayoanguka. Dawa nyingine, kama flukonazoli na klotrimazoli, haziigusi ergosteroli yenyewe. Hizo humzuia fundi, yaani kimeng'enya kinachoitengeneza. Nayo tabinafini humzuia fundi mwingine wa hatua ya mapema zaidi.

Sasa tahadhari, wenzangu wa bweni. Kwa kuwa nistatini huigusa kolesteroli yetu kidogo, ikidungwa kwenye damu ni hatari. Hutumiwa kinywani, tumboni na juu ya ngozi, kwani matumbo hayaifyonzi ikaingia mwilini. Tena haifai kwa choa, yale mashilingi ya kichwani tunayoambukizana kwa kuazimana vitana na taulo. Choa kina dawa zake. Kwa hiyo ukimwona mwenzako anapaka krimu fulani, usiombe ukajipaka tu. Nenda ukapimwe. Kuvu nazo hujifunza: zikizoea dawa iliyotumiwa ovyo, nyingine hubadilisha fito zao au fundi wao, dawa ikadunda. Kuvu iitwayo Candida auris, iliyotambuliwa Japani mwaka 2009, imekwisha kuonekana hata hapa Kenya, na mara nyingi haisikii flukonazoli.

Mali waliyoikataa

Turudi kwa bibi zetu. Mwaka 1957 walipewa hataza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi. Kila chupa iliyouzwa ilileta fedha za ada, na kwa miaka yote hiyo zilifikia zaidi ya dola milioni 13. Jamani, mtu angejenga jumba gani! Elizabeth na Rachel hawakuchukua hata senti moja kwa matumizi yao. Fedha zote walizikabidhi kwa shirika la kutoa misaada ya utafiti. Nusu ilisaidia sayansi kwa jumla, na nusu ikaenda kwenye mfuko wenye majina yao uliowasomesha vijana na kugharamia uchunguzi wa kuvu. Wao waliendelea na mshahara wao wa serikali. Yule aliyesomeshwa na ami, na yule aliyelipiwa karo na rafiki wa nyanya, wakawalipia karo watu wasiowajua.

Nistatini nayo ilitembea kuliko walivyotarajia. Mafuriko yalipoukumba mji wa Florence, Italia, mwaka 1966, ilitumiwa kuiokoa michoro ya kale iliyokuwa ikiliwa na ukungu. Hata miti iliyougua kuvu ilijaribiwa dawa hiyo. Na ugonjwa wa ukimwi ulipoingia, ukidhoofisha kinga ya miili ya watu, utando mweupe kinywani ukawa mojawapo ya dalili zake za mwanzo. Huku kwetu wagonjwa wengi walioshindwa hata kumeza uji walipata nafuu kwa dawa iliyotoka katika shamba la Virginia.

Elizabeth alistaafu mwaka 1960, lakini alihamia Columbia akaendelea na utafiti wake. Mwaka 1975 yeye na Rachel walikuwa wanawake wa kwanza kupewa tuzo ya waanzilishi wa kemia na Taasisi ya Wakemia ya Marekani. Mwaka huo huo, tarehe 24 Juni, Elizabeth alifariki mjini Seattle akikaribia umri wa miaka 90. Rachel alimfuata Januari 1980. Mwaka 1994 majina yao yaliingizwa pamoja katika jumba la heshima la wavumbuzi wa Marekani.

Mwanafunzi mwenzangu, kitindamimba wetu sasa yuko shule ya msingi, anapiga kelele kuliko nyumba nzima. Yeye hamjui Elizabeth Hazen, wala Elizabeth hakumjua yeye. Kati yao kuna vifungo viwili na tawi moja la kaboni, na chupa zilizokwenda na kurudi kwa posta. Kwa hiyo mwalimu wa Bayolojia atakapokuchorea utando wa seli ubaoni, usisinzie. Chora nawe, tena uchore vizuri.